Koti Langu Mwenyewe, Nililopewa kama Msaada

Wacha niseme mwenyewe kabla hamjasikia kwa mtu mwingine, maana najua baadhi yenu mmeshaiona ile picha na mnaninyamazia kwa huruma tu: ndiyo, yule mama anayelia kwenye gazeti la jiji hapa Garland, amevishwa koti na diwani kama mtu aliyeokolewa kwenye mafuriko, ni mimi, Mama Neema, nesi mwenye kazi yake, mwenye nyumba yake, na mwenye makoti matatu kabatini.

Lile si gazeti hasa, ni kikaratasi cha kurasa nne kinachokuja pamoja na bili ya maji, na watu wengi hukitupa, lakini mimi hukisoma chote (nikiwa peke yangu jikoni husoma hata maandishi ya nyuma ya pakiti ya unga), kwa hiyo nilijua takataka za wiki ya Krismasi zitachukuliwa siku gani, nilijua madiwani wanabishana juu ya taa za barabarani, na nilijua kwamba Jumamosi ile jiji lingepokea makoti kwenye kituo cha jamii na kuyagawa papo hapo kwa wenye shida. Nikalisomea tangazo kundi letu la akina mama wa kanisa, nikawaambia sisi Wakenya tusijulikane kwa nyama choma peke yake, na sisi tutoe kitu. Wakaleta mifuko minne, nami kwa kupenda sifa nikasema nitaipeleka mwenyewe.

Siku yenyewe nilitoka kazini asubuhi nimechoka, gari lina joto, nikavua koti langu, lile la maruni lenye kofia, nikalirusha nyuma juu ya mifuko. Nilipofika mlango wa nyuma wa kituo, wanaume wawili waliojitolea wakafungua gari nyuma, wakabeba kila kitu kwa mkupuo mmoja, wakanishukuru, mlango ukafungwa, na mimi nikabaki nimesimama na sare ya hospitali ya mikono mifupi kwenye ule upepo wa kaskazini ambao Texas huuficha mwaka mzima halafu ukija unakuja na hasira. Nikagonga. Hakuna aliyesikia. Nikazunguka mbele nikaulizie koti langu.

Mbele kulikuwa na foleni ndefu. Nia yangu ilikuwa kupita pembeni nikaongee na mtu wa mlangoni, lakini nilipofika katikati, mama mmoja mzee aliyejifunga kitenge juu ya sweta mbili akateleza, akanidaka mkono.

"Mwanangu, nishike," akasema. "Hii barafu itaniangusha."

Sijui aliniangalia vipi akajua Kiswahili nitakisikia. Na nataka mnielewe hapa. Kanisani naitwa sista, kazini naitwa kwa jina lililo kwenye beji, nyumbani Neema nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, na hakuna mtu aliyekuwa ameniita mwanangu uso kwa uso kwa miaka kumi na mmoja, tangu nilipoagana na mama yangu kwenye kituo cha basi Kitale. Nikamshika. Akaniambia anaitwa Mama Sifa, ni wa Uvira, amekaa kambini miaka mingi kabla ya kuletwa huku, na anaishi na mpwa wake ambaye asubuhi ile alikuwa kazini kwenye ghala. Akaniuliza kama mama yangu yuko hai, nikasema yuko. Akaniuliza nimemwona lini. Nilipomjibu, alichukua ncha ya kitenge chake akanifunika mkono uliokuwa wazi kwenye baridi.

Kisha akapita dada mmoja anayegawa namba, akanipa karatasi na mimi. Hapo ndipo ningesema hapana, mimi nimeleta, sikuja kuchukua. Maneno machache tu. Lakini ningesema hivyo ningetolewa kwenye foleni, na ningemwachia Mama Sifa mkono. Nikaipokea namba.

Ndani, makoti yalikuwa yamepangwa juu ya meza, na la kwanza kuliona lilikuwa langu. Nikamwonyesha bibi wa Kimarekani aliyekuwa akihudumia.

"Hilo ni langu," nikamwambia kwa Kiingereza changu kizuri kabisa.

Akatabasamu kwa upole. "Ndiyo, mpendwa. Sasa ni lako."

"Hapana, nilikuja nalo."

"Na utaondoka nalo," akasema, akanipapasa bega.

Kabla sijajipanga, diwani akafika na mpiga picha nyuma yake, akalichukua koti langu, akanivika. Pengine hata hapo ningejieleza, lakini Mama Sifa, ambaye alikuwa tayari amepata lake refu la bluu, akanisogelea, akaanza kunifunga vifungo, kimoja kimoja, kuanzia chini hadi shingoni, taratibu, namna mama yangu alivyokuwa akinifunga sweta ya shule asubuhi za baridi. Akanitazama.

"Haya," akasema. "Mama yako akikuona hivi, atalala usingizi."

Nikalia. Sikudondosha chozi moja la heshima, nililia kwa sauti, makamasi na yote, na mpiga picha akafanya kazi aliyoajiriwa kufanya. Akaniletea fomu, kumbe ya kuruhusu picha itumike, miwani yangu iko garini, nikasaini.

Toleo lililofuata, mimi ndiye nilikuwa ukurasa wa mbele. Chini ya picha waliandika kwamba mkazi ameshindwa kuzuia machozi ya furaha baada ya kupata koti la kujikinga na baridi. Mwenyekiti wetu, Mama Brenda, akanipigia simu kwa sauti ile ya kwenda kumwona mgonjwa.

"Sista, kama mambo yamekuwa magumu si ungetuambia. Sisi si wageni kwako."

Nikamweleza tangu mwanzo, na kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyozidi kuitikia "sawa, sista, sawa," na Jumapili nikatajwa kwenye maombi, baada ya wagonjwa na kabla ya wafiwa, na jioni nikakuta mlangoni mchele, mafuta na kuku wawili. Nikaenda ofisi za jiji kuomba wasahihishe. Walinisikiliza vizuri, wakachapisha sahihisho chini ya tangazo la chanjo ya mbwa, kwamba mkazi aliyeonekana pichani hakuwa mhitaji. Basi waliokuwa wakinihurumia wakaanza kuniuliza nesi mzima anapanga foleni na wakimbizi kutafuta nini. Ule mchele na kuku nikampelekea Mama Sifa, na yeye hakuniuliza lolote, alinipikia.

Dada yangu Rose, anayeishi Pearland, alicheka hadi simu ikamwanguka, halafu akaituma picha nyumbani akidhani mama naye atacheka. Mama akanipigia siku hiyo hiyo, yeye ambaye kila mara hungoja nimpigie mimi.

"Nimeona picha," akasema. "Nimeomba mtu anisomee chini."

Nikaanza hadithi yangu: mifuko, mlango wa nyuma, namba, bibi wa makoti. Niliisimulia kwa kuchekesha, kwa sababu nilikuwa nimeshazoea kuisimulia. Akaniacha nikamaliza.

"Koti nimeelewa," akasema. "Mimi nauliza ulikuwa unalilia nini."

Nilisikia majogoo wa jirani yake, nikasikia mtu akiburuta ndoo uani.

"Nilikuwa nakulilia wewe, mama."

"Kila Jumapili unaniambia uko sawa," akasema. "Na mimi nakuambia niko sawa. Kumbe tunadanganyana wote wawili."

Nimeomba likizo ya Aprili, na mkubwa wangu wa kazi amekubali. Neema naye anakuja, na mama amemwambia Rose atachinja, kwa hiyo hapo hakuna kurudi nyuma. Kuhusu aibu, sitegemei iishe, juzi tu mama mmoja kanisani ameniuliza kama nina glavu. Lakini nimejiapia jambo moja: nikilia tena mbele za watu, nitasema mwenyewe ninalilia nini, kabla mtu mwingine hajaniandikia.