Moto wa Mama Ulikoishia

Mwaka juzi nilibadilisha madirisha ya nyumba yangu hapa Kasulu, nikaweka ya alumini, yale ya kuteleza, ili moshi wa mwezi wa nane ukifika ujue kwamba hapa anaishi mtu aliyejipanga. Moshi ulifika, ukayaona, ukapitia darini. Nilipompigia simu fundi akaniambia madirisha yake hayana tatizo lolote, tatizo ni hewa. Nikamshukuru kwa utaalamu wake.

Watu wa mbali hudhani huku kwetu milimani tunavuta hewa safi. Ni kweli tunaivuta, mvua zikiwepo. Kiangazi kikikolea, kuanzia Kitanga mpaka Busunzu na kupanda Kibondo, nyasi zinawaka, milima inapotea, na jua linachomoza na macho mekundu kama lililala kilabuni. Kila mtu anakohoa na hakuna aliyechoma. Mkulima anasema ni mfugaji anayetafuta majani mabichi. Mfugaji anasema ni mrina asali. Mrina asali anasema ni wawindaji, na mwindaji hujawahi kumwona akijitambulisha kwa mtu. Moto wenyewe tumeuita moto kichaa, na kichaa, kama mjuavyo, hashtakiwi.

Ushauri wa kitabibu ndio haukosekani. Kunywa maziwa, yanasafisha kifua. Tundika khanga mbichi dirishani. Mzee mwenye duka la jumla hapa mjini, ambaye kwao ni Tanga, alifufua barakoa zilizobaki tangu enzi za Korona, na ya kwake akaivaa kidevuni ili apate kuongea vizuri. "Mwanangu," aliniambia, "kwetu pwani hewa tunaivuta. Huku mnaitafuna." Shoga yangu mmoja akasisitiza nijifukize, yaani nikae ndani ya blanketi na sufuria ya majani yanayochemka, mvuke ukaufukuze moshi. Nilijaribu. Nilitoka nimeiva, na moshi ulikuwa bado unanisubiri mlangoni.

Mimi nina duka la steshenari, kuchapa na kutoa kopi, kwa hiyo mchango wangu katika vita hii ulikuwa wa maandishi. Viongozi wa vijiji walikuja mmoja mmoja kuchapisha tangazo lilelile: NI MARUFUKU KUCHOMA MOTO OVYO. ATAKAYEBAINIKA ATACHUKULIWA HATUA KALI ZA KISHERIA. Niliweka herufi nene, na neno "kali" nikalipigia mstari bila kuombwa na mtu, kwa sababu nilikuwa na hasira zangu binafsi. Mama yangu ana pumu.

Mama anaishi Busunzu, peke yake, kwenye boma aliloachiwa na baba. Kuhamia kwangu hataki. Anasema Kasulu ni vumbi na kelele, na kwamba yeye hawezi kuishi kwenye nyumba ambayo mtu akitaka kutema mate lazima aulize. Mwezi wa sita nilimleta hospitali, akapimwa, akapigwa picha ya kifua. Kisha daktari akaniita pembeni kwenye korido na kuzungumza nami kwa sauti ya chini. Niliporudi kwenye benchi, Mama alikuwa ananitazama.

"Amesemaje?"

"Amesema uko vizuri, Mama. Tuendelee na dawa tu."

Hakuuliza tena. Nikajipongeza kwa hekima yangu. Alipokuwa anarudi kijijini nikampa kile kichupa cha dawa ya kuvuta, sukari kidogo, na kopi moja ya tangazo aibandike mlangoni ili majirani waogope sheria.

Siku moja ya mwezi wa nane, asubuhi, jirani yake alinipigia. Huyu ni mama ambaye wazazi wake walikuja wakimbizi kutoka Burundi, yeye kazaliwa hapahapa na uraia anao, na ndiye anayemwangalia Mama kuliko mimi aliyenizaa. "Dada, njoo bwangu, bwangu, usikawie," alisema. "Mama pumzi inakataa."

Nilipanda gari la kwanza. Saa nne asubuhi dereva alikuwa amewasha taa na bado barabara alikuwa anaikisia. Nilimkuta Mama zahanati, wamemwekea dawa ya mvuke usoni, mabega yanapanda na kushuka, macho amenikazia. Niliogopa sana siku ile. Nilimshika mkono, ukawa mwepesi mkononi mwangu. Mchana pumzi ikaanza kurudi, akaruhusiwa, na muuguzi akanipa maelekezo: "Mgonjwa akae mbali na moshi." Nilimuuliza kama chini ya Ziwa Tanganyika kuna nafasi. Hakucheka, na mimi sikuwa natania.

Tulipofika nyumbani tukamlaza Mama kwenye mkeka barazani, jirani akaenda kuchemsha chai, mimi nikazunguka nyuma ya nyumba kuteka maji. Nyuma kote kulikuwa kweusi. Nyasi zimeungua kuanzia hatua mbili tu kutoka ukuta wa jiko la Mama, na majivu yalikuwa bado ya moto.

Hapo nikapandisha. Nilirudi barazani nikihutubia boma zima: ni mshenzi gani anakuja kuchoma nyasi nyuma ya nyumba ya mgonjwa wa pumu, anataka kuua, mwenyekiti wa kijiji aitwe sasa hivi, mgambo waje, na tangazo liko wapi, si nililileta tangazo hapa! Jirani alitoka na birika, akainamisha kichwa, akawa anaangalia vidole vyake vya miguu. Nikajisemea, kumbe ni huyu. Na uraia tumempa!

"Acha kelele," alisema Mama kutoka kwenye mkeka. "Ni mimi."

Nilidhani dawa imempanda kichwani. Akaingiza mkono kwenye pindo la kitenge chake, akatoa kiberiti, akakiweka juu ya mkeka. Tangazo langu, alisema, lilikuwa karatasi nzuri, kavu, limeshika mara moja.

Nikakaa chini. Nikamuuliza kwa nini. Akavuta pumzi mojamoja, kisha akaeleza kama mtu anayemweleza mtoto jambo ambalo hakupaswa kuulizwa. Wazee wetu, mtu akitaka kujua miaka yake, aliwasha nyasi kiangazi akautazama moto. Ukienda mbali, bado ana umri mrefu. Ukifa karibu, aanze kugawa vitu vyake. Babu alifanya hivyo, bibi alifanya hivyo. Na yeye sasa alitaka kujua kama ataziona mvua.

"Mama, una pumu!"

"Ndiyo maana nikataka kujua."

"Si ungeniuliza mimi?"

"Nilikuuliza," alisema. "Daktari anakunong'oneza wewe, wewe unanipa sukari. Moto hauwezi kuninong'oneza."

Tatizo ni kwamba mwisho wa moto wake hakuuona. Aliuwasha, ukaondoka vizuri, halafu upepo ukageuka ukamletea moshi wote kifuani, akaanguka pale pale, jirani akamkuta. "Nenda kauangalie, mwana wanje," alisema. "Uniambie ulifika wapi."

Nikachukua kiberiti, kwa nia ya kumnyang'anya, nikaenda. Nilitembea juu ya weusi nikinung'unika, viatu vikijaa majivu. Nilipita kichuguu. Nilipita pembeni ya mihogo ya jirani, ambayo Mungu aliinusuru. Kisha nikafika kwenye kinjia wanachopitia mbuzi kwenda mtoni, na ng'ambo yake nyasi zilikuwa zimesimama, ndefu, njano, hazijaguswa na kitu. Niligeuka, nikaona paa la jiko la Mama. Ningeweza kumwita akanisikia.

Wilaya nzima inawaka. Mioto ya watu wengine inaruka barabara ya lami, inavuka mabonde, inapanda milima na kushukia upande wa pili. Wa mama yangu umeshindwa na kinjia cha mbuzi.

Nilisimama pale, mimi mwenye herufi nene, nikiukasirikia moto kwa kuzimika. Kiberiti kilikuwa mkononi. Nakiri nilikifungua. Kilikuwa na njiti nyingi, nyasi zilikuwa kavu, na upepo ulikuwa umetulia. Ingechukua dakika moja kumwongezea mama yangu miaka kumi. Halafu nikasikia akikohoa kule barazani, kile kikohozi kisichotoa kitu. Nikakifunga, nikarudi.

Jirani alikuwa anammiminia chai. Mama aliinua uso.

"Moto umefika wapi?"

"Mbali," nilisema. "Umevuka kinjia, umevuka mto. Watu wanasema unaelekea Gwarama."

"Gwarama!"

"Ule moshi wote unaouona kule, Mama, ni wa kwako."

Akautazama moshi. Ulikuwa umefunika kila kitu, ungeweza kuwa wa mtu yeyote. Kisha akatazama viatu vyangu, akatazama kikombe alichoshika, kilichokuwa bado kinatoa mvuke.

"Gwarama," alisema. "Na umerudi chai haijapoa."

Jirani akaokota birika akaingia jikoni, akavuta mlango.

Mama alikunywa funda moja, akakiweka kikombe chini. "Sasa niambie," alisema. "Daktari alisemaje?"

Nikamwambia. Nilimwambia mapafu yamechoka na hayatarudi kuwa kama zamani. Kwamba dawa zitamsaidia kupumua lakini hazitamponya. Kwamba daktari alisema moshi wa kiangazi ukimkuta tena, hawezi kuahidi kitu. Nilisema yote bila kejeli hata moja.

Alisikiliza mpaka mwisho, akiitikia kwa kichwa polepole.

"Ego, sawa," alisema. "Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu, Mama."

"Maneno machache hivyo," alisema, "na mimi nimechoma nyasi zote."