Jogoo wangu wa kishungi alipotea Mgori, vifaranga wake nikawakuta Mandewa

Wakuu wa jukwaa la ufugaji, habari za humu. Na nyie wajukuu mnaoniamkia kila nikiandika, marahaba.

Mimi ni bibi wa Singida. Shule niliishia la tatu, nikamalizia ngumbaru, kwa hiyo herufi zikipinda mnivumilie. Ninayoandika hapa sikusimuliwa, yalinipata mwenyewe. Majina nayakumbuka yote, ya watu na ya kuku.

Juzi kijana mmoja aliuliza humu kama rangi ya kifaranga inaweza kukuonyesha baba yake ni nani. Mkamcheka.

Mimi sikucheka. Nilikaa na simu mkononi mpaka chai ikapoa.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Kabla ya hapo alizeti yako unapeleka ushirika unasubiri. Mara kila mtu ana mzigo wake anaenda nao mjini mwenyewe. Mitumba ikaja, sabuni zikajaa madukani, wachuuzi wakawa wanafika mpaka kwetu Mgori na matenga kununua kuku wa kupeleka Dar.

Mume wangu Ramadhani akaingia kwenye vitunguu. Watu wote walimwita Baba Hamisi, kwa jina la mtoto wetu wa kwanza. Anapeleka mzigo Singida mjini, analala huko, anarudi. Sikuwa na neno, watoto walikuwa wanakula.

Mimi mambo yangu yalikuwa kuku wa kishungi, wengine mnawaita kibwenzi. Mbegu nilipewa na mama yangu kule kijijini Issuna siku naolewa.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, ndipo uzi wote ulipo.

Kuku wa mama walikuwa na alama yao. Kifaranga anatoka kwenye yai ana rangi ya jivu. Kichwani ana kinundu kama punje ya karanga, na juu ya kinundu kuna doa la njano. Asiyejua anadhani kaumia.

Akianza kuota manyoya, jivu linageuka kahawia. Unakata tamaa, unasema mbegu imeharibika. Wewe subiri. Akikaribia kuachwa na mama yake, kahawia inaondoka, jivu linarudi, lile doa linakuwa jeupe na kishungi kinafunguka kama pamba.

Sijawahi kuona kuku wa mtu mwingine akigeuka mara mbili namna hiyo. Na nimefuga maisha yangu yote.

(Mnaofuga kibwenzi: kile kinundu msikibonyeze, fuvu pale ni laini. Na kishungi kikifunika macho mkipunguze kwa mkasi, maana mwewe anapenda kuku asiyeona juu.)

Basi mdondo, ule ugonjwa unaofyeka kuku, ukapita Mgori. Banda likabaki kimya. Nikabakiwa na matetea wawili, Sikitu na Tabu, na jogoo mmoja, Karani. Tulimwita Karani kwa vile alivyokuwa anatembea kainua kichwa kama mtu wa ofisini, kumbe haoni vizuri.

Mama alikuwa ameshafariki, na kule Issuna mdondo haukuacha kitu. Na alama ile inapita kwa jogoo, tetea peke yake hairithishi, kwa hiyo Karani akipotea, kuku wa mama yangu wameisha duniani.

Asubuhi moja natoka kisimani, Karani hayupo.

Baba Hamisi alikuwa anatoka kwenda mjini, mzigo ulishatangulia na lori. Akaniambia, "Kicheche huyo, Mama Hamisi. Nimeona manyoya kule nyuma."

Nikaenda nyuma, kweli manyoya yapo. Nililia kama nimefiwa.

"Jogoo tu huyo," akasema. "Nitakuletea mwingine."

Alileta kweli, jogoo mwekundu kichwa wazi. Sikitu na Tabu wakatotoa vifaranga wenye vishungi vya kubahatisha, rangi mchanganyiko. Jivu hakuna hata mmoja.

Nikasema ndiyo mwisho.

Mwaka uliofuata mdogo wangu Halima alijifungua. Alikuwa ameolewa Mandewa, pembeni ya Singida mjini, enzi hizo bado nyumba za kuhesabika. Nikaenda kumsaidia uzazi.

Siku ya kwanza tu, nasonga ugali, akapita kuku wa Halima na vifaranga. Kuku mwenyewe wa kawaida, kichwa wazi. Lakini vifaranga wale wana rangi ya jivu, wana kinundu, wana doa la njano.

Nikaacha mwiko kwenye sufuria.

"Halima, hawa wametoka wapi?"

"Si kuku wangu katotoa, dada."

"Nauliza baba yao."

"Dada nawe. Kuku nao wana ubini?"

Akacheka, lakini hakuniangalia. Akamgeukia mtoto.

Siku naondoka alikamata wawili, akanitilia kwenye kikapu. "Chukua, ukawaangalie wanavyokua." Hakusema zaidi.

Nikawalea ndani ya nyumba kama watoto. Wakageuka kahawia. Nikajiambia, unaona, ulikuwa unaota. Halafu kahawia ikaanza kuondoka, na jivu likarudi. Doa likawa jeupe.

Baba Hamisi akawaona uani. "Hawa wa wapi?"

"Wa Halima."

Akainama kukaza mnyororo wa baiskeli ambao haukuwa umelegea.

Na bado sikuelewa, wakuu. Nilikuwa na hakika kwamba mchuuzi ndiye aliyeniibia Karani akamuuza mjini. Nikapanga kumfuata. Nilimtaka jogoo wangu tu, mbegu ya mama yangu.

Nikarudi Mandewa. Safari hii sikuanzia kwa Halima. Nilipita uwanja kwa uwanja naangalia vifaranga. Upande wa barabarani, mmoja mmoja. Nikazunguka nyuma ya nyumba ya Halima, wakaongezeka. Nikasogea tena, karibu kila kuku mwenye watoto ana wa jivu.

Ndivyo nilivyofika kwenye nyumba ndogo ya bati jipya.

Binti mmoja amekaa kwenye mkeka anachambua vitunguu. Na juu ya rundo la maganda, amesimama Karani. Kishungi kimepunguzwa vizuri kwa mkasi.

Nikapiga hodi.

"Karibu mama. Shikamoo."

"Marahaba. Jogoo wako mzuri. Ulimpata wapi?"

"Alikuja na Baba Hamisi, mume wangu," akasema, bila wasiwasi. "Alimleta siku tunahamia humu. Anasema kwao mji hauanzi bila jogoo aliyekulia nyumbani kwa mwanaume."

Ni kweli, ukoo wa mume wangu una jambo hilo. Mwanaume akianzisha mji mpya, jogoo anaingia kwanza, ndipo mke. Na asiwe wa kununua, awe amekulia kwenye uwanja wake. Uwanja wetu baada ya mdondo ulikuwa na jogoo mmoja tu.

Nilikaa pale pale kwenye maganda. Masikio yalikuwa yanavuma, namuona binti anasema lakini sisikii.

Akakimbia ndani akaniletea maji. "Mama, unaumwa?"

Nikamuuliza, "Huyo Hamisi unamfahamu?"

"Sijamuona bado. Ni mtoto wa marehemu mke wake."

Wakuu, kikombe kiko mdomoni. Nilikuwa nakunywa maji ya watu, kumbe nimeshafariki.

Nikameza. Nikasema, "Hamisi nimemzaa mimi."

Hakupiga kelele. Akasogea karibu, akaniangalia usoni. Jina lake Mwanaidi, kwao Ikungi. Umri wake na wa binti yangu wa pili haukupishana sana.

"Sikuambiwa kama upo, mama."

"Ningekuwa nimeambiwa kama upo wewe, ningekuja mapema."

Tukakaa. Sikupata hasira ya kumpa. Baadaye akainuka mwenyewe, akamkamata Karani, akamfunga miguu kwa kipande cha kanga, akaniwekea mapajani.

Nilirudi Mgori na jogoo kwapani. Kwa Halima nilipita mlangoni bila kuingia.

Baba Hamisi alirudi siku ya tatu yake, mchana. Aliniambia baadaye kwamba hakupitia Mandewa safari ile, alitoka moja kwa moja sokoni. Anaingiza baiskeli uani, Karani akawika.

Akasimama. Baiskeli ikamponyoka ikaanguka, na hakuiokota.

Nilikuwa napepeta mtama. Sikusimama.

"Mwanaidi anakusalimia," nikamwambia. "Nimemwambia sijafa."

"Mama Hamisi," akasema.

Wazee walikaa, mambo yakasemwa. Mwanaidi alikataa kuendelea naye, akarudi kwao. Mimi nilibaki, kwa sababu ya watoto na kwa sababu shamba lilikuwa na jasho langu. Baba Hamisi tumeshamzika. Kuku wa jivu ninao mpaka leo, wamejaa uwanjani.

Ninachowaambia wafugaji: kifaranga msimhukumu kwa rangi aliyotoka nayo, wala kwa ile ya katikati. Mfuateni mpaka manyoya yake yatulie, ndipo mseme ni wa nani. Na mbegu msiibakize kwa jogoo mmoja.

Lakini kuna jambo sijalimaliza, na ndilo lililonifanya niandike. Nyumba ya Mwanaidi ilikuwa nyuma ya nyumba ya Halima, unaweza kuomba chumvi bila kutoka uani. Vitunguu vya shemeji yake vinapita mlangoni kwake. Halima yupo hai, bado yuko Mandewa. Nikimuuliza, ananiambia magoti yanamuuma.

Nyie mnasemaje? Mngekuwa na ndugu anayejua, mngetaka awaambie kwa mdomo, au awatilie vifaranga wawili kwenye kikapu muone wenyewe?

Andikeni, nasoma zote. Sijamuamulia bado.