Mgonga Fedha na Muhuri Uliopasuka

Siku ya tisa ya mwezi wa Marheshvani, mwaka wa ishirini wa mfalme Artashasta. Tangu alfajiri upepo ulivuma kutoka upande wa jangwa, mkavu, wenye vumbi jekundu, na mvua ya kwanza ilikuwa imechelewa majuma matatu.

Akubu mwana wa Shalumu alifika kazini mlinzi akiwa bado anaondoa komeo la lango. Mlinzi alisema jambo. Akubu aliinua mkono, kama alivyouinulia kila mtu aliyesema jambo, akapita.

Chumba chake kilikuwa nyuma ya ghala la liwali, chini kidogo ya ukuta. Mlikuwa na jiko la makaa, mizani ndogo, gogo la mzeituni lililozikwa nusu ardhini, na vigoda viwili. Kwa miaka ishirini na saba Akubu alikuwa amekalia kigoda cha upande wa mlango, akigonga fedha. Kile cha pili kilikuwa cha Delaya, aliyekuwa akimwekea tone la fedha juu ya muhuri na kuiondoa sarafu baada ya pigo. Mwezi wa Adari miguu ya Delaya ilivimba, binti yake akaja na punda kumchukua, akaenda naye mjini Keila. Tangu hapo kigoda kile hakikukaliwa na mtu.

Katikati ya gogo ulichomekwa muhuri wa chini, wa shaba ngumu, uliochongwa kichwa cha mwanamke wa Wayunani mwenye kofia ya vita. Muhuri wa juu, wa kushika mkononi, ulikuwa na bundi na herufi tatu za jina la jimbo. Ndivyo fedha yetu ilivyokuwa: mfalme Mwajemi, uso wa Kiyunani kwa sababu wafanyabiashara wa Gaza hawakuamini uso mwingine, na herufi zetu wenyewe zimebanwa pembeni. Nusu gera, sarafu aliyoigonga Akubu, ilikuwa ndogo kuliko punje ya dengu. Delaya alizoea kusema kwamba ukipiga chafya umempa panya mshahara wako.

Akubu hakuwa akisikia. Sikio la kulia lilitangulia, mwaka mmoja kabla mkewe hajafa. La kushoto lilifuata taratibu, kama taa inayoishiwa mafuta. Nyundo ndiyo iliyoyala masikio yake, na nyundo hiyohiyo ndiyo iliyokuwa ikimlisha. Delaya peke yake ndiye aliyejua. Wawili hao hawakuwahi kulizungumza. Siku moja tu Delaya alimgonga goti kwa vidole viwili, akauonyesha muhuri, na kweli ulikuwa umelegea. Toka siku hiyo goti la Akubu likawa sikio lake.

Delaya alipoondoka, Uria msimamizi alitaka kumletea mtu mwingine. Akubu alikataa. Akaja kuulizwa tena majira ya kiangazi, akakataa tena, akasema mikono yake miwili inatosha. Aliogopa. Mtu mgeni angekaa siku mbili tu kabla ya kugundua, na mgonga fedha asiyesikia hana kazi, kwa maana muhuri hulia kabla haujafa. Mzima hulia kama kengele ya kondoo. Ukipasuka hulia kama chungu chenye ufa. Mwenye masikio huacha kugonga palepale.

Siku hiyo ya tisa aligonga tangu asubuhi hadi jua likapita katikati. Tone, pigo, bano. Tone, pigo, bano. Vumbi lilijaa chumbani, naye hakuwa akiziangalia sarafu moja moja, alizitupa tu bakulini. Alipokuja kuzimwaga juu ya kitambaa mlangoni, kwenye mwanga, aliona.

Zile za asubuhi zilikuwa safi. Kisha ikaja moja yenye mstari mwembamba toka kwenye paji la uso hadi kidevuni. Kisha nyingine, mstari umenenepa. Kisha zaidi ya themanini ambazo mwanamke yule hakuwa na pua, wala mdomo, uso mzima umeumuka kama wa mtu aliyeumwa na nyuki.

Akubu alikaa akizitazama. Fedha haikupotea, ingeyeyushwa tena. Lakini Uria angekuja kesho kupokea kazi, naye angeuliza neno moja tu: hukusikia?

Muhuri wa akiba hakuwa nao, na kipande cha shaba kilitolewa kwa idhini ya Uria huyohuyo. Basi akaung'oa ule mbovu kwenye gogo, akauchukua hadi kwenye jiwe la mchanga, akaanza kuusugua kwa maji. Alinuia kuutoa ufa wote kisha achonge kichwa upya. Alisugua mpaka vidole vikafa ganzi. Pua ilikwenda, jicho likaenda, kofia ikaenda. Ufa nao ukaisha. Alipoupangusa uso wa muhuri, kilichobaki kilikuwa kitu kimoja tu: sikio. Miaka sita iliyopita, alipokuwa akiuchonga, mkono wake ulizama sana mahali pale.

Akajaribu kuanza paji la uso. Patasi iliteleza. Shaba ilikuwa imebaki nyembamba, haikuvumilia kichwa kizima. Ikambidi alichonge lile lililopo, alikuze ukingo, alizamishe shimo lake, mpaka likajaa duara lote. Akagonga tone moja. Ikatoka sarafu yenye bundi upande mmoja na sikio upande wa pili.

Jioni alipita kwa Shelomiti kuchukua mikate. Shelomiti alikuwa mjane, jirani yake wa mlango wa pili, aliyewaokea mikate watu wa mtaa mzima. Akubu alipenda kununua kwake kwa sababu ambayo hakumwambia mtu: mwanamke hana ndevu. Midomo ya wanaume ilifichwa na manyoya, ilhali maneno ya Shelomiti aliweza kuyaona, ilimradi asigeuke.

"Bwana mkubwa wa fedha," alisema Shelomiti, mikono ikiwa na unga hadi viwikoni. "Leo umekula vumbi kiasi gani?"

"Mikate miwili."

"Sikuulizi mikate. Nakuuliza habari yako, jirani."

Neno hilo la pili halikumfikia Akubu, maana kabla hajalimaliza Shelomiti alikuwa amekwisha kuinamia tanuri. Mgongo wake ulitikisika, bila shaka alikuwa akiendelea kusema. Akubu aliweka kipande cha fedha juu ya ubao, akachukua mikate. Alipogeuka kidogo akamwona Shelomiti anamwambia mwanamke mwingine, na maneno aliyaona vizuri, moja moja: "Mwaka wa nne huu. Ukimsalimu anakutazama kama ukuta. Tangu afiwe, fedha ya liwali imemfanya atuone sisi si watu."

Akala mikate yake peke yake, na zeituni, na nusu ya kitunguu.

Siku ya kumi, asubuhi, Uria alikuja. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye ndevu ndefu zilizopakwa mafuta, mpenda mizaha. Akubu aliposhikwa na wasiwasi hakuambulia kitu katika ndevu zile, kwa hiyo alimsimamisha mlangoni, mwanga umpige usoni. Uria aliiweka sarafu juu ya ukucha wa dole gumba.

"Hiki nini?"

"Sikio."

"Kwamba ni sikio naona. Kichwa kiko wapi?"

"Kilivunjika."

Uria aliigeuza, akamtazama bundi, akaigeuza tena. "Wazee walisema sikio halipiti kichwa," alisema. "Wewe umekikata kichwa ukaliacha sikio litawale." Mabega yake yalitikisika kwa kicheko. Kisha kicheko kikakoma, akaisogeza ile sarafu kwenye mwanga. "Unajua kuna watu kule uani kwa makuhani wanalalamika juu ya yule mwanamke. Eti kila wakileta sadaka wanaleta na mungu wa watu wengine. Sasa nikiwapa hili? Kila siku wanalia kuelekea juu ili wasikilizwe. Watasema ni sikio la Yule aliye juu. Na Wagaza watamwangalia bundi." Akaifunga sarafu kiganjani. "Gonga mia mbili. Nitampelekea liwali aone."

Akubu aliinamisha kichwa kwa shukrani. Akageukia gogo, akachukua burashi ya manyoya ya mbuzi, akaanza kuondoa vumbi kwenye muhuri. Alidhani Uria amekwenda.

Alipoinua uso, Uria alikuwa amesimama mbele yake, upande wa kile kigoda kitupu, hacheki.

"Nimekuambia nyumba inaungua," alisema.

Akubu alitazama jiko.

"Nimekuambia nikiwa nyuma yako. Mara mbili. Ya pili nimepiga kelele, mpaka mlinzi amekuja kuchungulia."

Akubu aliweka burashi chini. Uria alisema kitu ambacho ndevu zilikimeza, akaona kwamba hakikufika. Ndipo akafanya jambo ambalo Akubu hakulitarajia: alizikusanya ndevu zake kwa mkono, akazibana chini ya kidevu kama mwanamke anayekunja shuka, mdomo ukabaki wazi.

"Tangu lini?"

"Kabla mke wangu hajafa. Kidogo kidogo."

"Na Delaya alijua?"

"Alikuwa akinigonga goti."

"Kumbe kwa miaka mitano nimekuwa nikikulipa wewe mikono, na Delaya masikio." Uria alikaa juu ya kigoda cha Delaya, ndevu bado mkononi. "Ndiyo maana ulikataa mtu. Nilidhani ni kiburi. Mtaa mzima unasema ni kiburi."

"Najua."

"Unajua? Umesikiaje?"

"Nimeona."

Uria aliongea polepole, neno kwa neno, naye Akubu aliyapokea yote, ingawa mengine angependa yampite. Kuna Mwashdodi, alisema, anayeomba kazi hii tangu mavuno, kijana mwenye nguvu na masikio mawili. Muhuri mwingine ukipasuka hivi, liwali atauliza, na atakayeulizwa si Akubu. "Sikufukuzi. Mkono wako siupati kwingine. Lakini hugongi tena peke yako. Niletee mtu wa kukaa hapa, mwenye masikio, anayejua kufunga mdomo. Umtafute mwenyewe, umwamini mwenyewe. Sabato ikipita kigoda hiki kikiwa kitupu, namwita Mwashdodi."

"Nitamtafuta wapi?"

"Huna ndugu?"

"Alikuwako mmoja, kijijini Tekoa. Amekufa."

"Rafiki?"

Akubu alikitazama kigoda alichokalia Uria.

"Basi jirani," alisema Uria, akasimama, akaziachia ndevu zake.

Alasiri yote Akubu aligonga taratibu, akikagua kila sarafu, mkono wa kushoto ukiwa umeegemea gogo ili aone kama mtikisiko utamwambia lolote. Haukumwambia. Akawapitisha watu mawazoni kama mtu apepetaye nafaka. Mlinzi ana maneno mengi. Mfinyanzi wa kona alihama. Mwana wa Meshulamu, ambaye zamani walikuwa wakinywa pamoja siku za kukamua zabibu, alimsalimu sokoni mara tatu bila kujibiwa, na mara ya nne hakumsalimu tena. Akubu aliiona ile mara ya nne. Tangu amzike mkewe hakuwa ameketi ndani ya nyumba ya mtu yeyote. Alizijua nyuso zote za mtaa. Alijua nani amepoteza jino na nani ana mimba. Lakini hapakuwa na mlango ambao angeweza kusema, nikibisha pale nitafunguliwa.

Ukabaki mmoja tu, wa mwanamke anayesema maneno yanayoonekana, aliyeamka mapema, ambaye mikono yake ilikuwa imezoea moto na vitu vidogo. Naye ndiye aliyekuwa na haki kuliko wote ya kumfukuza. Ili kumpata ingempasa amwambie lile alilolificha, na kumwambia kwamba kwa miaka minne hakumdharau hata siku moja. Akubu hakujua maneno hayo yanaanzia wapi. Akarudi nyumbani kwa njia ya nyuma, asipite mbele ya tanuri, akalala bila mkate.

Asubuhi ya siku ya kumi na moja alinawa uso mara mbili, akajifunga mshipi mzuri aliokuwa akiuvaa siku za sikukuu, akaufungua, akaufunga ule wa kazi. Akatoka. Moshi ulikuwa haujaanza kupanda juu ya paa la Shelomiti. Alisimama mbele ya mlango, akabisha hodi kwa sauti ambayo hakuweza kujua kama ni kubwa au ndogo, akagonga ubao mara tatu. Kisha akarudi nyuma hatua mbili hadi katikati ya njia, mahali ambapo angeuona mlango ukifunguka, akauangalia.