Nikiogelea Chali Sioni Ukuta

Admin, shikamoo kama umenizidi, na kama ni mdogo wangu basi marahaba. Jina langu lifiche kabisa, maana Bariadi tunajuana hadi sauti za pikipiki.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 53, na ni mjane tangu mwaka jana. Mtoto Mungu hakutujalia. Kinachonisumbua ni mashindano ya kuogelea ya watu wazima yanayofanyika Ureno mwezi ujao, na mimi nimeandikishwa. Najua kuna watakaocheka. Chekeni mmalize, halafu mnisome.

Nilizaliwa upande wa Busega, ziwani, nikajua kuogelea kabla sijajua kusoma. Mume wangu alikuwa mtu wa Ngulyati, wa ng'ombe, maji yakimfika magotini anarudi nchi kavu. Lakini ni yeye aliyesikia kwamba kuna mashindano ya kimataifa ya watu wa umri wetu, na ni yeye aliyeng'ang'ana niende. Kila Jumamosi alinipeleka kwenye bwawa la hoteli moja hapa mjini. Mimi naogelea chali, na ukiogelea chali huoni ukuta unaokuja. Kwenye mashindano wanatundika vibendera juu vya kukuonyesha umekaribia, hapa kwetu havipo. Basi yeye alisimama mwisho wa bwawa na viatu vyake, na nikikaribia ananipigia mluzi, ule ule wa kurudisha ndama. Watu walikuwa wanageuka kututazama. Mimi nikiusikia nanyoosha mkono, nagusa ukuta.

Tiketi alikata mbili. Alisema huko Ureno hawamjui ndama wake, lazima aje mwenyewe. Hakufika hata Krismasi, presha ilimchukua akiwa anafunga kamba za viatu.

Sasa, kwenye ukoo wao matanga hayavunjwi mpaka pamba ivunwe na kuuzwa, ili ndugu wote wawepo na watu wapate kula washibe. Mpaka siku hiyo mjane havui nguo nyeusi wala halali mbali na nyumbani kwake. Siku hiyo mjane na mama wa marehemu hukaa mkeka mmoja, wananyolewa pamoja, msiba unaisha. Mashindano yameangukia katikati ya mavuno.

Nilienda Ngulyati kuomba ruhusa. Shemeji yangu, mtoto wa baba mkubwa wake na mume wangu, ndiye anayesemea ukoo. Sikumaliza hata maelezo.

"Mjane akavae chupi mbele ya wazungu na kaburi halijaota majani? Ukipanda hiyo ndege, shemeji, usirudi hapa."

Nilipandwa na hasira. Nikamwambia nguo yangu ya kuogelea nayo ni nyeusi, kwa hiyo asiwe na wasiwasi. Sijutii. Huyo hata angenifukuza leo, ningelala usingizi.

Anayenitoa machozi ni mama mkwe. Mume wangu alikuwa mtoto wake wa pekee. Yule mama hajawahi kunisema kwa kutozaa, hata siku moja, na mnajua huku kwetu hilo si jambo dogo. Alisubiri shemeji aondoke, tukabaki wawili tunachambua pamba.

"Mayu, mimi sikukatazi," akasema, akiniita mama kwa Kisukuma kama kawaida yake. "Ila ukienda wakasema usirudi, kwenye mkeka nitakaa na nani?"

Nikaendelea kuchambua pamba ambayo ilishachambuliwa.

Jioni nikaaga. Nilipiga magoti, akaniwekea mkono kichwani kama afanyavyo siku zote, halafu vidole vyake vikasimama kwenye kisogo. Nina uvimbe pale. Tangu mume wangu afariki naenda bwawani peke yangu, na kila mara najigonga ukutani.

"Nani kakupiga?"

Nikamwambia ukweli. Nimejigonga, mama, siku hizi hakuna wa kunipigia mluzi.

Mluzi ule yeye ndiye aliyemfundisha mwanae, akiwa mdogo anachunga ndama. Nikaona anakunja midomo. Meno ya mbele hana. Akavuta pumzi akapuliza, ikatoka hewa tupu. Akajaribu tena, hewa tupu. Akajifunika uso kwa kitenge, akalia kama siku tuliyozika, na mimi nikalia nimeshika miguu yake.

Mpaka leo sijui alikuwa ananipa ruhusa au alikuwa anamwita mwanae. Nimeogopa kumuuliza. Nikibaki, safari aliyoihangaikia mume wangu inakufa kama yeye, na kwa umri huu sidhani nitaipata nyingine. Nikienda, bibi wa watu aliyenistahi miaka yote atanyolewa peke yake, mkeka mzima, na pengo langu pembeni.

Tiketi zote mbili ziko kabatini. Wajane wenzangu, na ninyi mliobakiwa na mama wakwe tu, nisemesheni, hata mkinikaripia nitasoma. Niende nikaguse ule ukuta, au nikae naye mkekani?