Nafasi Niliyoikataa kwa Adabu

Niliondoka Arusha kwa sababu ya pete. Baba yangu ni mkata vito. Miaka yote tanzanaiti imetoka mikononi mwake ikimeta, kisha wanunuzi wakaenda kuipachika kwenye dhahabu nchi za watu. Nilipopata ufadhili wa kusomea usonara Birmingham, aliniambia jambo moja: “Cheti utakuja nacho, sawa. Mimi nataka uje na mkono unaojua kupachika.”

Basi la kutoka uwanja wa ndege lilinishusha Digbeth, mvua inanyesha, redioni wanabishana kuhusu Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya. Mama Ifrah alikuwa ananisubiri. Ni Msomali aliyekulia Nairobi, na nilikuwa nimepanga chumba nyumbani kwake. Alinipakulia wali, nyama ya mbuzi na ndizi mbivu pembeni.

“Asante mama, nimeshiba,” nikasema, njaa inaniuma kweli.

“Umeshiba nini, hewa ya ndege? Kula!”

Nikakataa tena kidogo, kisha nikala sahani mbili. Nikajiona nimefika kwetu.

Wiki za mwanzo zilikuwa za kujifunza vitu vidogo. Soksi unavaa jozi mbili kwa baridi. Dereva wa basi anashukuriwa ukishuka. Ifrah, binti wa mwenye nyumba wangu, anaelewa kila neno la Kiswahili na anajibu kwa Kiingereza. Chuoni ukimuuliza mtu habari za nyumbani kwao, anakutazama kana kwamba unataka kwenda kumwibia. Nilizoea.

Mwezi wa kumi na moja, mwalimu wetu, Bi Karen, alinisimamisha kwenye korido. Sonara mmoja wa Hockley, mtaa wa masonara, alikuwa tayari kumpokea mwanafunzi mmoja, akae naye karakanani ajifunze kupachika vito. “Nimeanza na wewe,” akasema. “Ungependa kwenda?”

Hicho ndicho alichonituma baba! Nikajibu kama nilivyolelewa: “Aa, usijisumbue kwa ajili yangu. Labda kuna mwenzangu anayehitaji zaidi.” Nikatabasamu, nikasubiri aniulize mara ya pili.

“Sawa,” akasema Bi Karen. “Asante kwa kuniambia mapema.” Akaenda zake.

Kabla ya wiki kwisha, nafasi alipewa mwanafunzi mwenzangu. Nilijifungia chooni nikalia kwa hasira. Mtu gani anauliza mara moja tu?

Nyumbani nilimwaga yote kwa Mama Ifrah. Aliacha kukata vitunguu. “Haiya! Ulimwambia hapana?”

“Nilimwambia kwa adabu, mama.”

“Na ulikuwa unangoja akubembeleze? Hawa ukiwaambia hapana, wanakuheshimu, wanaenda. Mimi nilipofika hapa nilishinda kazini bila chai nikidhani wananichukia, kumbe nilikataa mwenyewe! Kesho uende umwambie unataka. Hivyo tu: nataka.”

“Nitaonekana sina haya.”

“Onekana!”

Kesho yake nilibisha mlangoni kwa Bi Karen, kwapa zimelowa. “Ile nafasi ninaitaka,” nikasema. “Niliitaka tangu siku ile.” Nikamweleza kwamba kwetu hapana ya kwanza ni heshima tu, aulizaye anauliza tena. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema hawezi kumnyang'anya mwenzangu, ila atampigia simu sonara. Sonara akakubali nije siku ambazo mwenzangu hayupo.

Karakana ilikuwa ghorofani, kwenye jengo la matofali lililoingia masizi. Mwenyewe alikuwa Singasinga mzaliwa wa Kisumu. Aliposikia natoka Arusha akaniuliza kwa Kiswahili, “Chai?”

“Ndiyo,” nikamjibu papo hapo.

Akacheka. “Wewe umeshaizoea Birmingham.”

Kwa mzee yule niliharibu mawe ya bandia mengi. Kila nikimwonyesha pete alisema, “Toa, rudia.” Siku moja aliigeuza pete mwangani, hakusema rudia, akaniletea jiwe la kweli.

Mwaka uliofuata nilirudi Arusha. Baba alivaa miwani yake ya kazi, akaisukuma kwa kidole tanzanaiti niliyoipachika kwenye pete niliyomletea ili aone kama inacheza. Haikucheza. Akaivaa, ingawa ni ya kike.

Jioni hiyo mama mdogo alikuja kunipokea, nikampakulia ndizi nyama. Alipomaliza nikamuuliza, “Nikuongezee?”

“Aa, mwanangu, nimeshiba.”

“Haya,” nikasema, nikabeba bakuli kupeleka jikoni.

Mama yangu akanifuata mbio. “Huko ndiko walikokufundisha kumnyima mgeni chakula?”

Kusema nataka nilijifunza ugenini kwa machozi, na sasa nilikuwa nimesahau kubembeleza. Nikarudi sebuleni na bakuli. “Mama mdogo, ongeza kidogo tu, nakuomba.”

“Mbona nimeshakwambia nimeshiba!” akasema, sahani ameshaisogeza.