Kitambaa cha Mama Constance

Kila asubuhi Mama Constance, mjane wa fundi wa reli, alipanguza vumbi kwenye maua yake jani kwa jani, kwa kitambaa kile kile chenye maji. Majani yalipotoka madoa ya kahawia, alilaumu kuku wa jirani. Akazidisha kupanguza, madoa yakaenea bustani nzima.

Rabia, muuza miche, alikitazama kitambaa.

"Mama, ni weye njo unatembeza bugonjwa. Kata majani ya madoa, uichome. Na ile kitambaa, uache."

Aliacha, shingo upande. Miezi miwili baadaye majani mapya hayakuwa na doa hata moja, ila yalikuwa mekundu kwa vumbi.

"Majani iko muzima," alimwambia Rabia. "Sasa bantu bananiuliza kama miye njo niko mugonjwa."