Sura ya Jemadari

Nimeshona sare za misiba, za harusi, za kampeni. Hakuna kazi iliyonitia hasira kama kile kitenge chenye sura ya rais wa nchi ya watu. Alikuwa anakuja kutembelea nchi yetu, na kina mama wa kikundi kimoja walipangwa wasimame Posta wampungie. Magauni kumi na mawili, siku tatu, kibandani kwangu Kariakoo, mtoto mgongoni.

Mkataji wangu wakati ule alikuwa mama yangu. Nchi anayoitawala yule mgeni, mama aliikimbia mimi nikiwa tumboni. Wakati huo mgeni huyo bado jemadari, askari wake wanachoma nyumba za mtaa wa kwao mama. Baadaye akaipindua serikali, akavua magwanda, akavaa suti. Hapa mama hana kibali cha kuishi. Mtaani tunasema ni mtu wa Kigoma, basi.

Mwenyekiti wa kikundi akaja kujaribu gauni lake. Akageuka mbele ya kioo, akapiga ukelele.

"We fundi! Mbona mgeni wa taifa yuko makalioni kwangu?"

Muuza karanga wa nje akachungulia. "Mama, ukikaa kaa taratibu, utamkosesha pumzi!"

Watu wakacheka. Mwenyekiti hakucheka. "Nani kakata hivi? Nitajie, leo hii nampeleka kwa watu wa usalama."

Fundi yeyote anajua: kitenge cha sura, kwanza unaweka alama ya chaki, sura ikae kifuani au mgongoni, ndipo unashika mkasi. Gauni moja ni bahati mbaya. Nikakunjua mengine. Yote kumi na mawili, sura iko palepale makalioni. Nikamtazama mama. Anaokota vipande sakafuni, kichwa chini.

"Nimekata mimi," nikasema. "Mtoto alikuwa analia, sikuangalia."

"Yote?"

"Yote, mwenyekiti. Nisamehe."

Alinitukana mpaka akachoka, akabeba magauni yake kwenda kwa fundi mwingine yakatiwe viraka. Kikundi kile hakijarudi tena.

Alipoondoka nikamgeukia mama.

"Ungenitaja mimi tu," akasema. "Mimi mtu mzima, wangenichukua, yakaisha."

"Wakupeleke wapi, mama? Wakupeleke wapi? Si kwake, kwa jemadari huyohuyo?"

Akanyoosha mkono achukue mkasi, aendelee na sketi za shule zilizokuwa mezani. Nikamnyang'anya. Mpaka leo nakata mwenyewe.